Si Bita, ni Pita

Katika ploti ya Fatumo, pale Garissa, aliishi paka aliyejua kutumia choo kuliko baadhi ya wapangaji. Hapa hatutaji mtu, wenyewe wanajijua.

Paka huyo alikuwa dume la rangi ya vumbi, kichwa kikubwa, shavu limejaa kama la mtu aliyeficha miraa humo. Mwikali ndiye aliyempa jina la Chifu, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kusinzia watu wakizungumza mambo ya maana, kisha akiamka anauliza nyama iko wapi. Mwenye paka, Mzee Nunow, hakuweza kusema Chifu. Alisema Jiifu, halafu akacheka mpaka akakohoa, kwa sababu kwa Kisomali jiif ni kulala, na hivyo jina likawa limefaa pande zote mbili.

Nunow alikuwa mtu wa Elwak, aliyeendesha malori ya mizigo kwenye barabara ya Mandera mpaka goti likakataa kukanyaga klachi. Chumba chake kilitazamana na cha Mwikali, ua ukiwa katikati. Mwikali alikuwa Mkamba wa Mwingi, mjane, aliyekuja Garissa kuuza nyanya na vitunguu enzi hizo meno yake yote yakiwa kinywani, akabaki. Mwanawe Morris hakuchoka kumpigia simu: mama, rudi nyumbani, huko unangoja nini? Mwikali alimjibu kwamba anangoja joto lipungue. Aliyewahi kukaa Garissa anajua kwamba hiyo ni njia ya adabu ya kusema sirudi.

Shule, Mwikali aliishia darasa la saba, na kitu pekee alichotoka nacho salama ni Kiswahili. Alikitunza kama sahani za wageni. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaishi mlango kwa mlango na mzee ambaye herufi p hajawahi kukutana nayo.

"Mama Morris, nibikie chai."

"Nipikie. Pi. Kubika ndiyo nini?"

"Kwani hutabika?"

"Nitapika."

"Basi umesikia."

Jioni Mwikali akirudi kutoka sokoni na karai kichwani, Nunow alikuwa ndiye anayemfungulia geti. Alisimama kando, akapunga mkono chini chini kama dereva anayemruhusu mwenzake wa nyuma ampite, akasema, "Bita, Mama Morris. Bita."

"Si bita, Mzee. Ni pita."

"Lakini si umebita?"

Na kweli alikuwa ameshapita. Mzozo huo waliurudia jioni baada ya jioni, mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba ndio uliokuwa ukimrudisha nyumbani mapema.

Mambo ya paka na choo yalianza pale Fatumo, mwenye ploti, alipomwaga saruji ua mzima, akatandika jamvi la kuswalia barazani, akatangaza kwamba hataki kuona uchafu wa mnyama. Paka wengine walihama. Nunow akatafuta karai, akalijaza mchanga wa lagha, ule mto mkavu wa nyuma ya soko, akaliweka karibu na choo. Chifu akalizoea. Nunow akalisogeza mlangoni, kisha ndani, kisha juu ya tundu lenyewe, na asubuhi moja akaliondoa kabisa. Chifu akalitazama tundu, akamtazama Nunow, akachuchumaa juu yake kama mzee wa baraza. Majirani walikuja kuangalia mpaka Chifu akaona haya.

Mlango wa choo ulikuwa wa bati zito, si wa kufunguliwa kwa kucha. Kwa hiyo paka alikaa mbele yake akangoja. Nunow akaja na goti lake bovu, akauvuta, akasimama kando, akapunga ule mkono wake wa barabarani.

"Bita, Jiifu. Bita."

Chifu akapita, mkia juu.

"Unamfundisha paka Kiswahili kibovu!" Mwikali akapaza sauti kutoka jikoni. "Atafeli mtihani!"

"Lakini si amebita?"

Kisha Nunow akaugua kifua. Siku waliyompandisha tuktuk kwenda hospitali alikuwa anahema kama lori linalopanda mlima, lakini mdomo ulikuwa bado mzima. "Mama Morris," akasema, "mfungulie Jiifu mlango."

"Nitafungua. Lakini rudi upesi, hiyo si kazi yangu."

"Na wewe bita uende soko. Nyanya itaoza."

Mwikali akafungua kinywa amrekebishe, tuktuk ikaondoka.

Alifariki siku iliyofuata, Mwikali akiwa sokoni. Kwao maiti huzikwa siku hiyohiyo, na wanawake hawaendi makaburini. Aliporudi na karai lake kichwani alikuta geti liko wazi, viatu vya wanaume vimejaa barazani, na Nunow keshalazwa mchangani. Hakuna aliyemficha na hakuna aliyemwita. Angeitwa kama nani?

Khadra, binti wa marehemu, alifika na basi kutoka Elwak. Kila aliyeingia alimwendea akamwambia, "Samir iyo iimaan," yaani Mungu akupe subira na imani, maneno ambayo huambiwa mfiwa. Mwikali aliyasikia yakipita juu ya kichwa chake, maana alikuwa ameketi chini na wanawake wa jikoni, akikata vitunguu. Alivishukuru vitunguu vile. Hakuna aliyemuuliza analia nini. Alikata mpaka Fatumo akaja kusimama mbele yake.

"Mama Morris, hii kitunguu ni ya matanga ama unafungua hoteli?"

Wanawake wakacheka, naye akacheka nao, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akachukua kingine.

Khadra alipofungasha vitu vya babake, kitu kimoja hakikuonekana. "Eddo," akamwambia Mwikali, kwa heshima ya shangazi, "ile maawisi yake ya kijani, ya mistari, ya kufunga kiunoni. Hukuiona?"

"Labda upepo," Mwikali akasema. "Huku upepo ni mwizi."

Upepo gani! Maawisi ilikuwa chini ya mto wake wa kulalia. Nunow aliivua asubuhi ile ya tuktuk, akaitupa kwenye kamba ya nguo bila kuifua, na Mwikali akaianua kabla jua halijaifikia. Ilikuwa bado na harufu yake yote: ubani, chai ya iliki, dizeli ambayo haikumtoka hata baada ya kuacha lori, na kitu kingine kisicho na jina katika duka lolote. Wakati wa kulala aliutoa upindo mmoja, akauweka karibu na pua. Mwanamke wa miaka yake! Mwenyewe alijicheka. Akacheka, akavuta pumzi, akalala.

"Na bisad je?" Khadra akauliza, akimaanisha paka. "Safari ni mrefu, na basi itamkataa."

"Niachie mimi," Mwikali akasema, haraka kuliko alivyotaka.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Asubuhi Mwikali aliuvuta mlango wa bati, akasimama kando kama alivyoona ikifanywa. "Haya, Chifu. Pita." Alilitamka vizuri, p imesimama wima. Chifu akamtazama kama mtu anayeombwa kitambulisho na askari asiye na sare. Hakupita. Aliketi mlangoni, akangoja, akitupia jicho chumba cha Nunow, ambacho sasa kilikuwa na kufuli. Kisha akaondoka zake, akaenda kujisaidia kwenye kona ya chumba cha Mwikali, juu ya magunia ya vitunguu.

"Umechoka na uhai?" Mwikali akamuuliza.

Kesho yake ikawa kwenye ndala zake. Keshokutwa yake, mtungi wa maji. Mwikali alimbembeleza, alimkaripia, alimbeba mzimamzima akamweka juu ya tundu akamshikilia. Chifu akakaza miguu, na aliyetoka humo amelowa jasho ni Mwikali, si paka. Alirudisha karai la mchanga. Paka alilizunguka kana kwamba ni kaburi. Na kila mara Mwikali alifungua mlango na kusema kwa Kiswahili safi, pita, pita bwana, pita basi, na kila mara Chifu alilitazama lile kufuli.

Akampeleka kwa Elkanah, kijana wa bara aliyekuwa daktari wa mifugo karibu na soko la ngamia. Elkanah alizoea wagonjwa wanaofika na miguu mirefu. Alipofunguliwa kikapu na kuona kilichomo, akavua miwani.

"Mama, huyu ndiye mgonjwa?"

"Ulitaka nikuletee nini, twiga?"

Akambonyeza Chifu tumbo, akampima joto mahali ambapo Chifu hakupapenda, akachunguza mkojo. "Figo hazina shida," akasema. "Kibofu hakina shida. Paka akiacha choo ghafla namna hii, mara nyingi si mwili. Kuna kitu kimebadilika nyumbani? Mtu amehama?"

"Hakuna," Mwikali akasema.

"Mtu aliyemzoea?"

"Nimesema hakuna."

Akafunga kikapu. Njiani alitaka kurudi amwambie yule kijana ukweli, lakini angeanzia wapi? Jirani yangu amekufa. Na watu hufiwa na majirani, wanasema pole, wanaendelea kupima nyanya.

Fatumo alivumilia kwa kadiri yake, na kadiri yake haikuwa kubwa. Siku Chifu alipokojoa kwenye jamvi la kuswalia, wazee wakitawadha kwa ajili ya adhuhuri, alikuja mlangoni kwa Mwikali mikono kiunoni.

"Mama Morris. Hii bisad imetia najisi mahali ya Mungu."

"Nitalifua jamvi, Fatumo. Nitalifua mara saba."

"Bisad yenyewe si najisi, mimi najua dini yangu. Lakini mkojo ni mkojo. Kesho asubuhi yule mtu wa mkokoteni anapeleka ngozi kichinjioni. Ataenda nayo. Huko kuna nyama."

"Huko kuna mbwa. Na yale makorongo makubwa, ndege wala mizoga. Huyu ni mzee, Fatumo. Hajawahi kupigana hata na panya."

"Basi akae kwa adabu mpaka kesho. Akikosea tena, anaenda."

Mwikali hakujibu, na Fatumo alishangaa, maana hilo lilikuwa jambo jipya. Alimtazama vizuri. "Ni bisad tu, walaal," akasema, kwa sauti ya chini kidogo, akimwita ndugu, akaondoka.

Ni paka tu. Mwikali aliingia ndani, akamweka Chifu mapajani. Geti halikuwa na wa kulifungua. Chai alipika kikombe kimoja, na mara nyingi aliimwaga. Khadra alichukua mswala, tasbihi, redio, na picha ya lori. Paka akienda, kutabaki nini cha kuonyesha kwamba ng'ambo ya ua ule palikuwa na mtu? Na hiyo nguo chini ya mto, ambayo hata kumwonyesha mtu hawezi.

Asubuhi alitoka kumfungulia Chifu mlango wa choo mapema, kabla ya mkokoteni. "Pita, Chifu. Leo tu. Nakuomba." Chifu akaketi. Akapiga miayo. Akageuka, akarudi ndani kwa Mwikali. Mwikali akamfuata mbio, na mbio za Mwikali zilikuwa za kutia huruma, lakini alipofika alikuta mto umesukumwa pembeni, na Chifu amesimama juu ya maawisi ya kijani, macho yamefumbwa nusu kwa raha, amemaliza.

Mwikali akamsukuma paka kando. Aliinua nguo kwa vidole viwili. Aliinusa, akaitafuta dizeli, akatafuta iliki, akatafuta kile kisicho na jina. Kilichokuwepo ni mkojo wa paka dume, na yeyote aliyeuonja kwa pua anajua kwamba haukai na harufu nyingine.

Hapakuwa na la kufanya ila kuifua. Akaketi uani kwenye kigoda, beseni mbele yake, sabuni ya kipande mkononi, na akaanza kwenye upindo mmoja, taratibu, akikwepa mahali palipokuwa bado pakavu. Lakini maji hayakwepi. Yalipanda, mstari kwa mstari, kijani kikawa cheusi, mpaka nguo yote ikalowa. Maji yakatoka na rangi ya chai. Aliyatazama yale maji. Alitaka kuyanywa. Mungu amsamehe, alitaka kweli.

Badala yake akaanza kugomba. Si na paka. Na mwenye paka.

"Ulisema nimfungulie mlango. Nimefungua! Nimefungua mpaka bawaba zimelia! Unaniachia mnyama asiyesikia, unaondoka bila hata kuaga, unaenda kulala huko nisikoruhusiwa kufika. Na mimi nasema naye Kiswahili cha shule, kilichonyooka, hasikii! Alizoea hicho chako cha barabarani!" Akainua mkono uliojaa povu, akaupunga chini chini, akakunja mdomo, akamwigiza kama alivyomwigiza siku nyingi ili kumchokoza. "Bita, Jiifu! Bita, bita! Eti bita!"

Kwenye kizingiti cha chumba, Chifu aliinuka.

Masikio yalisimama kwanza. Kisha mkia. Alikata ua moja kwa moja, akapita kando ya beseni bila hata kumtazama Mwikali, akafika kwenye mlango wa bati ambao ulikuwa bado wazi, akaingia. Humo ndani kukasikika ukimya wa mtu mwenye shughuli zake, halafu matone machache ya mwisho yaliyokuwa yamebaki.

Mwikali alibaki mkono hewani.

Getini alikuwa amesimama Fatumo na gunia mkononi, na nyuma yake mtu wa mkokoteni akikwaruza meno kwa mswaki. Fatumo alikuwa ameona yote. Aliona paka akiingia chooni. Aliona mkono. Aliona pia kilichokuwa ndani ya beseni, mistari yake ya kijani, ambayo ua mzima uliijua.

"Rudia," Fatumo akasema.

"Nirudie nini?"

"Ile ulisema."

Mwikali akashusha macho. Kuisema kwa hasira ni jambo moja. Kuisema kwa kutaka ni jingine. "Bita," akasema, polepole. Ilitoka kwa sauti ambayo nusu ilikuwa yake.

Fatumo akamgeukia mtu wa mkokoteni. "Wewe nenda. Hakuna kitu hapa." Kisha akalikunja gunia, akalikunja tena, likawa dogo kabisa, akawa hajui aliweke wapi. Alisogea akachuchumaa ng'ambo ya beseni, shungi lake likagusa maji, akashika upindo wa pili wa maawisi. Wakaikamua wawili, mmoja akizungusha huku na mwingine kule, kama wanawake wanavyokamua nguo nzito, na maji yakaanguka kwenye saruji yakakimbilia mferejini.

"Kiswahili yako imeharibika, Mama Morris," Fatumo akasema.

"Imeharibika."

"Miaka yote ulikuwa unamsumbua yule mzee."

"Nilimsumbua."

Fatumo hakuiachilia nguo. Alikuwa akitazama povu. "Samir iyo iimaan, walaal," akasema.

Mwikali alijua jibu lake, alilisikia likijibiwa na Khadra matanga yote. Ni amin tu, neno ambalo hata kanisani lipo. Lakini halikutoka. Aliinamia beseni lile bila kitunguu hata kimoja mkononi, na mabega yakamtikisika, na Fatumo akatazama pembeni ampe nafasi.

Chifu akatoka chooni. Alisimama katikati ya ua, akanusa upepo, akatazama huku na huku. Alikuwa ameitwa, ameitika, sasa alimtaka aliyemwita. Alizunguka beseni, akampita Fatumo, akampita Mwikali, akaenda kwenye mlango wenye kufuli, akakaa, mkia umezungushwa miguuni, uso umeelekea kwenye mbao. Akalia mara moja, kwa sauti ndogo ya adabu, kama abishaye hodi.

Ikawa hivyo kila siku tangu hapo. Hakuchafua tena. Asubuhi na jioni Mwikali aliuvuta mlango wa bati, akapunga mkono, akasema bita, Jiifu, bita, na paka akapita. Na akitoka humo, kila mara, alikwenda kumtafuta mwenye neno. Mwikali alikuwa akimdanganya mnyama mara mbili kwa siku, na hakuwa na njia nyingine ya kumweka.

Ile maawisi ilikauka siku ileile ya kufuliwa, kabla ya adhuhuri, kama nguo zote za Garissa. Mwikali aliianua, akaficha uso humo, mbele ya watu, bila kujali. Ilinukia sabuni.

Jioni hiyo alivuka ua akaenda kuketi kizingitini kwa Nunow, Chifu upande wake mmoja, kikombe cha chai upande wa pili. Jua lilikuwa linaondoka, lakini saruji bado inachoma makalio. Aliegemeza kichwa kwenye mbao.

"Si bita, Mzee," akasema. "Ni pita."

Chifu akainua masikio. Wakangoja wote wawili.